Maswali ya Wifi

Kabla hajaitwa Mama Maswali alikuwa mfuaji tu hotelini, mmoja wa wanawake waliosimama kutwa chini ya jengo, kwenye joto la mashine, wakitoa mashuka yaliyokauka na kuyapitisha kwenye pasi ndefu ya roli. Kazi hiyo hakuipenda wala hakuichukia. Alikuwa mjane. Binti yake mmoja aliolewa mbali, na ndugu pekee aliyekuwa naye huko ugenini alikuwa mdogo wake wa kiume. Walikaa jengo moja, yeye chini, mdogo wake na mkewe ghorofa ya pili, na harufu ya vitunguu ikianza kupanda ngazi kila mmoja alijua mwenzake anapika nini.

Jina lilikuja na utafiti. Siku moja alimsindikiza jirani zahanati ili amsaidie lugha, maana yeye alikuwa amekaa ugenini miaka mingi kuliko wengi na ulimi wake ulishakubaliana na maneno ya wenyeji. Pale kwenye benchi aliketi mama mmoja mrefu, mwenye nywele fupi za mvi na raba miguuni, akisikiliza. Alipoona jinsi mfuaji huyu anavyofasiri, huku akimtuliza jirani na huku akimbana muuguzi, alimfuata hadi mlangoni akajieleza. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu. Wanawake waliohamia nchi ile, alisema, huko walikotoka saratani ya matiti haikuwa ikiwapata sana, lakini wakishakaa miaka kadhaa huanza kuwapata karibu sawa na wenyeji. Alitaka kujua ni kwa nini. Ni chakula? Ni kazi? Ni kukaa ndani kutwa, au kuzaa watoto wachache? Alihitaji mtu wa kumfungulia milango.

Wanawake wa mtaa walimwita Daktari, ingawa hakutibu mtu, jambo ambalo hawakuacha kulishangaa. Fundi, yule mama mshonaji wa ghorofa ya tatu ambaye hakuna gauni la harusi mtaani lisilopita mikononi mwake, alisema maisha yake yote hajaona daktari wa kuchukua damu ya watu na kuondoka bila kuacha hata kidonge. Watu walicheka, Daktari akauliza wanacheka nini, na Mama Maswali akamfasiria kwamba wamefurahi kumwona.

Akawa anapanda ngazi za majengo jioni, baada ya zamu, na mkoba wenye karatasi za maswali na mizani ya kupimia uzito. Mwanamke akiambiwa apande mizani, alivua viatu, akavua kitenge, akavua hereni, kisha akabana pumzi kana kwamba pumzi nayo ina kilo. Maswali yalikuwa mengi. Ulikuwa unakula nini utotoni? Unakula nini sasa? Ulivunja ungo ukiwa na umri gani? Umezaa wangapi, umenyonyesha muda gani? Unafanya kazi za usiku? Mwanzoni waliona haya, lakini Mama Maswali alikuwa na kipaji. Alianza na habari za magoti na watoto, akanywa chai aliyopewa hata kama ni ya tano jioni ile, na kufikia mwisho mwenye nyumba alikuwa amemwambia hata yale ambayo hakuulizwa. Kwa hiyo jina likamkaa. Akalipenda, kusema kweli. Kwa mara ya kwanza tangu ahame alikuwa mtu wa kusubiriwa.

Kilichoharibu mambo kilitokea mchana kweupe, mbele ya watu, na hakuna aliyekigundua.

Daktari alimwomba Mama Maswali awakusanye wanawake ili yeye awape mrejesho kidogo. Wakakutana katika ukumbi wa shule, siku ya mapumziko, wakiwa wamechoka, baadhi na watoto mgongoni. Daktari alionyesha picha ukutani: sahani, mboga, pakiti za nyama, mwanamke anayenyonyesha. Alizungumza kama watafiti wanavyozungumza. Kila sentensi ilikuwa na mkia. Ilionekana kwamba, kwa baadhi ya wanawake, vyakula vya namna fulani huenda vinahusiana na ongezeko dogo la uwezekano, ingawa bado haijathibitika, na kwamba mambo mengine mengi, yakiwemo ya kuzaliwa nayo, yana uzito wake. Mama Maswali alifasiri sentensi mbili za kwanza neno kwa neno, akaona macho ya watu yanafumbika. Mtoto mmoja alianza kulia. Basi akafupisha.

"Anasema nyama za pakiti na soseji zinaleta saratani," alisema. "Kazi za usiku zinaleta. Na asiyenyonyesha yuko hatarini."

Macho yakafunguka. Fundi, aliyekuwa safu ya mbele, akanyoosha mkono akauliza kama kweli, na Mama Maswali akajibu kweli, huku Daktari akitabasamu akidhani wanaulizana jambo la maana. Zile "huenda" na "kidogo" na "bado haijathibitika" zilibaki kwenye meza ya mbele pamoja na glasi ya maji ya Daktari. Mama Maswali hakukusudia ubaya. Aliwaonea huruma, na alitaka wabebe kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Wakaenda nacho.

Mke wa mdogo wake hakuwapo ukumbini siku hiyo. Yeye alifanya kazi katika kiwanda cha kufunga nyama, ndani ya chumba cha baridi, zamu ya usiku mara nyingi kuliko ya mchana, amevaa makoti mawili na glavu mbili, akipanga vipande kwenye trei za plastiki. Pakiti zilizokaa vibaya waliruhusiwa kuondoka nazo, na friji ya nyumba ile haikukosa soseji. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi kwa sauti ya chini, mwenye mazoea ya kuja kwa wifi yake asubuhi akitoka kazini, akavua viatu mlangoni na kusema, "Wifi, nipe chai kabla sijageuka barafu." Yeye na mumewe walikuwa na miaka tisa ya ndoa na hawakuwa na mtoto. Hilo lilikuwa likizungumzwa, lakini kwa adabu, pembeni.

Mara tatu Mama Maswali alimpangia siku ya kumhoji kwa ajili ya utafiti, na mara tatu alikuta amelala au amebadilishiwa zamu. Wakacheka, wakaahirisha.

Asubuhi moja alikuja akavua viatu lakini hakuomba chai. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akavuta mkono wa wifi yake, akauweka chini ya kwapa la kushoto, juu ya blauzi. Mama Maswali alikuta kitu kigumu, kimetulia, kama punje ya harage iliyosahauliwa kwenye mfuko.

"Tangu lini?"

"Sijui. Makoti ni mengi."

Hospitali walikwenda wawili. Madaktari wakamchoma sindano, wakatoa kinyama kidogo cha kupeleka maabara, wakawaambia warudi. Waliporudi daktari, safari hii daktari wa kutibu, alizungumza polepole akimtazama mgonjwa, na Mama Maswali akafasiri. Ilikuwa saratani, na haikuwa imekaa mahali pamoja. Kufasiri kule ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kazi zote alizowahi kufanya, na safari hii hakuacha neno. Wifi yake alisikiliza, akashukuru, akauliza kama ataweza kurudi kazini wiki ijayo maana kuna mwenzake alikuwa anamshikia zamu.

Mtaa ulijua kabla jua halijazama. Walikuja kutoa pole, wakajaa sebule ya ghorofa ya pili, wakaleta uji na matunda. Walikuwa watu wema. Ndivyo Mama Maswali alivyojiambia hata baadaye. Lakini walipokuwa wakishuka ngazi walipita mlangoni pake, na mlango ule ulikuwa mwembamba.

Alisikia mmoja akisema zile pakiti, zile pakiti. Mwingine akasema mwili wa mwanamke ukikaa bila kunyonyesha hujilipiza. Na sauti ya Fundi, isiyohitaji kutegewa sikio, ikasema kwamba walifundishwa wote, wakaonyeshwa na picha, sasa mtu akiambiwa moto unaunguza na bado akaweka mkono, amlaumu nani.

Alitoka akawafuata hadi ngazi ya mwisho. Alitaka kuwakemea. Fundi akageuka, akamtazama bila ubaya wowote, akasema, "Si wewe mwenyewe uliyetuambia?"

Akarudi ndani.

Maneno hayakukaa kwenye ngazi. Yalipanda yakaingia chumbani. Mdogo wake alikuwa mtu wa kimya, dereva wa gari la kusambaza mizigo, mpole kwa mkewe siku zote. Ugonjwa ulimtisha, na woga ulipokosa pa kwenda ukageuka kuwa hasira. Alitupa kila pakiti iliyokuwemo kwenye friji. Akaanza kupika mboga zisizo na chumvi na kumsimamia mkewe azimalize. Siku moja, dawa za dripu zikiwa zimemtapisha tangu alfajiri, mkewe alikataa kula, naye akasimama mlangoni mwa jikoni na sahani mkononi akasema, dada yake akiwa pale pale anasikia, kwamba angekuwa anajali tangu zamani wasingefika hapa. Alimwambia aache ile kazi. Alimwambia aache zile soseji. Na la mtoto je, nani alikuwa akisema ngoja kwanza, ngoja kwanza?

Mkewe alifuta mdomo kwa kiganja na kugeukia ukuta. Mama Maswali alimwambia mdogo wake atoke nje, wakasimama kwenye veranda, akamweleza kwamba mambo hayako hivyo, kwamba pale ukumbini kulikuwa na maneno ambayo yeye hakuyasema. Mdogo wake akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: kama si chakula, na si kazi, na si kukosa mtoto, basi ni nini? Na mtu aliyeshika sababu mkononi haiachi mpaka apewe nyingine.

Ndipo alipokwenda chuoni kwa Daktari. Alipanda ghorofa akiwa bado na sare ya hoteli, akamkuta katikati ya makaratasi, akamwambia kila kitu, pamoja na jinsi alivyofupisha. Hakujitetea. Daktari alivua miwani, akasema kosa si lake peke yake. Yeye Daktari aliwasemesha watu waliochoka kana kwamba anasoma mbele ya maprofesa. Mama Maswali angependelea kugombezwa. Wakakubaliana Daktari aje tena mtaani, azungumze na wanawake, aseme wazi.

Akaja. Ukumbi ulikuwa na watu nusu ya wale wa mara ya kwanza. Daktari alisema kwa sentensi fupi, na Mama Maswali akafasiri yote, mpaka koo likamkauka. Kwamba utafiti hutazama wanawake maelfu kwa pamoja na hauwezi kumtazama mwanamke mmoja na kusema wewe uliugua kwa sababu hii. Kwamba wako waliokula mboga maisha yao yote na kunyonyesha watoto saba, wakaugua. Kwamba hakuna mgonjwa aliyejiletea. Wakasikiliza kwa heshima. Hakuna aliyebisha. Mwishoni Fundi, ambaye safari hii aliketi nyuma kabisa karibu na mlango, amejifunika khanga kifuani ingawa ukumbi ulikuwa na joto, aliuliza swali moja tu: kama hawajui, walikuwa wakiuliza za nini?

Daktari alijibu kwamba wanauliza ili siku moja wajue. Lilikuwa jibu la kweli, lakini halikumshibisha mtu. Wakaondoka wakisema ni kwa sababu mgonjwa ni wifi yake Mama Maswali, ndiyo maana mafundisho yamebadilishwa.

Wifi alikatwa titi, akapumzika, akachomwa mionzi, akapata nafuu ya wiki kadhaa ambayo ilimdanganya kila mtu isipokuwa yeye. Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Nywele zilizokuwa zimeanza kuota zikabaki fupi kama za mtoto mchanga. Mumewe alihamia sebuleni, kwa maelezo kwamba asimsumbue usingizi, na mgonjwa alikaa kutwa kwenye kiti kilichosogezwa dirishani, akitazama wanawake wakianika nguo kwenye jengo la pili. Mama Maswali aliomba zamu za asubuhi hotelini ili awe naye mchana. Alimkanda miguu. Walizungumza kidogo.

Mchana mmoja mgonjwa alisema, bila kugeuza shingo, "Wifi, mimi hukuniuliza."

"Sikukuuliza nini?"

"Yale maswali yako. Wenzangu wote uliwauliza."

"Ulikuwa hupatikani."

"Sasa napatikana."

Mama Maswali alimweleza kwamba haitahesabika. Utafiti ulichukua wanawake wenye afya tu, ili wafuatwe kwa miaka waone nani ataugua. Aliyekwisha kuugua hawamwandiki. Aliona jinsi maneno yale yalivyosikika akatamani ayarudishe, lakini wifi yake alitabasamu kidogo akasema najua, niulize tu. Basi akashuka kwake, akaleta karatasi, ingawa maswali aliyajua kwa moyo, akakaa kwenye stuli mbele yake kama alivyokaa mbele ya wengine.

Akaanza na ya utotoni. Mgonjwa akafumba macho. Alikula kilichokuwapo, alisema. Mama yake alikuwa akipika maharage ya kuuza, na yaliyobaki chini ya sufuria, yale yaliyoshika moto, ndiyo yaliyokuwa yao. Mpaka leo maharage yasiyoungua kidogo hayamwingii. Mboga za majani nyuma ya nyumba. Matunda ya wizi. Shule ilikuwa mbali, wakienda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na njiani kulikuwa na mbwa mmoja aliyewakimbiza kila siku, kwa hiyo mazoezi ya viungo aliyafanya ya kutosha, andika hivyo. Mama Maswali akaandika hivyo. Wakacheka, na kicheko kikamletea mgonjwa kikohozi, wakasubiri kipite.

Akamuuliza habari za kuvunja ungo, za kazi, za usingizi. Akajibu zote. Walipofika kwenye swali la uzazi, Mama Maswali alitaka kuliruka. Wifi yake aliona kidole kikishuka mstari mmoja.

"Hilo umeliacha."

"Umewahi kupata mimba?" aliuliza, kwa sauti ya karatasi.

"Mbili."

Karatasi ilikaa mapajani. Nje mtu alikuwa akikung'uta zulia.

"Ya kwanza haikufika popote, hata mumeo hujui kama umwambie. Ya pili ilikuwa na miezi minne. Iliharibika kazini, mle chumba cha baridi. Niliingia chooni, nikajifunga, nikarudi kwenye mstari. Nikamaliza zamu."

"Mdogo wangu anajua?"

"Anajua ya pili. Aliniambia tusiwaambie watu, tutapata nyingine. Ndipo nikawa namwambia ngoja kwanza. Niliogopa."

Mama Maswali alikumbuka asubuhi nyingi za chai na hakuweza kujua ni ipi. Huenda alimpa kikombe siku hiyo hiyo, akamsimulia habari za mashuka. Alishika goti la mwenzake. Hakulia, kwa sababu aliona mwenye machozi yake halii.

Yalibaki maswali machache ya sigara na pombe, wakayamaliza haraka. Kisha wifi yake akafumbua macho, akamtazama sawasawa.

"Haya, umesikia yote. Niambie basi. Ni lipi kati ya haya?"

"Hakuna anayejua, wifi yangu."

"Hata kwa kukisia?"

"Hata kwa kukisia."

Mgonjwa alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kuona ni ile ile aliyoitarajia. "Basi ungeanza na hilo," alisema.

Hakulisema kwa ubaya. Baadaye kidogo aliomba maji, na alipokwisha kunywa akaomba ahamishiwe kitandani.

Alifariki mvua zilipoanza, mchana, mumewe akiwa barabarani na mzigo. Mama Maswali ndiye aliyemfumba macho. Wanawake wa mtaa walikuja tena, wakapika, wakaosha masufuria, wakalia kwa sauti, na kilio chao kilikuwa cha kweli. Alimsikia hata yule wa habari za kunyonyesha akilia mpaka akashikwa kwikwi. Fundi alishona sanda kwa mikono, hakutaka kutumia cherehani. Alikaa pembeni tangu asubuhi na sindano, akitumia mkono mmoja zaidi ya mwingine, na watu wakidhani ni uchovu.

Watu walipokwisha kutawanyika, siku chache baada ya mazishi, Fundi aligonga mlango wa chini. Aliingia, akakaa, akaomba pazia livutwe. Kisha akafungua khanga na vifungo, akaonyesha. Mama Maswali alikuwa ameona mengi mwaka ule, lakini hakuwahi kuona titi lililofikia pale. Ngozi ilikuwa imevutika kama gunia lililoshonwa vibaya, na chini yake palikuwa na kidonda, kimefunikwa kwa vipande safi vya kitambaa cha pamba.

Akamuuliza tangu lini. Fundi akasema tangu kabla ya ule mkutano wa kwanza wa picha. Siku ile kilikuwa kidogo, akaja ukumbini makusudi ili akisikie kinavyoelezwa, pengine aambiwe si kitu.

"Nikasikia ni nyama za pakiti, ni kutonyonyesha," alisema. "Mimi nyama ya pakiti siijui. Nimenyonyesha watano. Nikasema basi hii si yenyewe. Halafu wifi yako akaugua, nikasikia wanavyomsema. Nikawasema nao, nikapaza sauti kuliko wote. Ningekwendaje tena hospitali, Mama Maswali? Wangesema nimefanya nini?"

Mama Maswali alichukua maji ya uvuguvugu, akamsaidia kufunga upya kidonda, akamvalisha, na kesho yake wakaenda hospitali wawili, kwenye korido ile ile. Daktari wa hospitali alipouliza umekuwa nacho muda gani, Fundi alisema mwenyewe, kwa maneno machache ya lugha ya wenyeji aliyokuwa nayo, kwamba ni mwaka na zaidi. Yule daktari aliacha kuandika. Akamtazama mfasiri kana kwamba anataka kusikia amekosea kusikia. Mfasiri akathibitisha.

Ilikuwa imekwisha kufika kwenye mifupa. Fundi aliishi karibu mwaka, nusu yake akishona akiwa ameegemea mito, na kila mwanamke aliyekuja kupimwa gauni alishikwa mkono akaambiwa aende akapime na kifua. Wapo waliokwenda. Wapo walioanza kupeleka vitambaa vyao kwa fundi mwingine.

Daktari alimaliza utafiti wake. Alimpigia Mama Maswali simu hotelini kumpa habari kabla hajazisoma kwingine, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Katika nchi nzima yalionekana mambo kadhaa, alisema, kwa tahadhari. Lakini wanawake wa kwao, wa lugha yao, walikuwa wachache mno. Kwao wao takwimu hazikusema chochote, si ndiyo wala si hapana. Alimwomba asaidie awamu ya pili, waandikwe wengi zaidi. Mama Maswali aliuliza kama safari hii atafasiri maneno yote, hata yakichosha. Akaambiwa yote. Akasema atafikiri. Roli zilikuwa zikizunguka nyuma yake na msimamizi alikuwa akimwangalia, kwa hiyo akaweka simu chini akarudi kwenye mashuka.

Mdogo wake sasa hushuka kula kwake jioni. Hasemi mengi. Hula anachopewa, hupeleka sahani kwenye beseni, huiosha mwenyewe, hukaa. Dada yake alikuwa amekwisha kumwambia habari za karatasi ile, za mbwa na maharage na ile mimba iliyoharibika kwenye chumba cha baridi, akamwona akishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hawakulizungumza tena. Lakini jioni moja, chakula kikiwa bado cha moto, alisema akitazama sahani, "Dada, sikumwomba radhi."

Alingoja. Dada yake alijua anangoja aambiwe kwamba marehemu alikwisha kumsamehe, na ilikuwa rahisi kabisa kusema hivyo. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Lakini wifi yake hakuwahi kusema hivyo, siku ile dirishani wala siku nyingine yoyote.

"Hukumwomba," alisema, na akamsogezea mchuzi.